Kuchagua Bao Lisilopasuka Garini

Bao zuri la mninga na bao bovu la mninga hufanana sana dukani. Yote mawili yamepigwa msasa, yamepakwa vanishi, mashimo 32 yamepangwa safu nne za nane nane, na muuzaji anayasifu kwa maneno yale yale. Tofauti hujitokeza baadaye, na kwa sisi wa Mwanza mara nyingi hujitokeza garini. Bao limelazwa kiti cha nyuma, gari limeegeshwa juani Kirumba au kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, vioo vimepandishwa. Mwenyewe akirudi anakuta ufa umekimbia kutoka ukingoni hadi kwenye kichwa, shimo la mwisho.

Bao la namna hiyo lilikuwa limeshaharibika kabla halijauzwa, jua limelifichua tu. Ndiyo maana nasema mnunuzi anapaswa kulipima kila bao kana kwamba kesho litasahaulika garini. Bao ni chombo cha kudumu na cha kurithiwa. Wasukuma wana isolo yao, watu wa pwani wana bao lao, na Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama kwa jirani zetu wa Mara, alijulikana kwa kulipenda. Inaniuma kuona kitu cha heshima hiyo kikifa ndani ya msimu mmoja wa kiangazi.

Kwanza tulielewe joto lenyewe, maana watu wa ziwani tunadanganyika nalo. Mji wa Mwanza uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na upepo wa ziwa unapuliza, kwa hiyo mchana wa kawaida hauzidi sana nyuzi 28 au 29. Mtu akishuka garini anahisi hewa ya kupendeza. Lakini tuko karibu digrii mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, jua liko karibu na utosi mwaka mzima, na gari lililofungwa halipati ule upepo. Watafiti wa Marekani waliochapisha vipimo vyao katika jarida la Pediatrics mwaka 2005 walikuta kwamba ndani ya saa moja joto la gari lililofungwa hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi juu ya joto la nje, na sehemu kubwa ya kupanda huko, kama asilimia 80, hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Kwa hesabu hiyo, mchana wetu wa nyuzi 29 unakuwa nyuzi 51 garini, na juu ya dashibodi inayopigwa na jua moja kwa moja joto linaweza kupita 70.

Joto hilo peke yake mti unalivumilia. Kinachoupasua ni ukavu unaofuatana nalo. Chukua hewa ya nyuzi 29 yenye unyevu wa asilimia 60, ipashe hadi nyuzi 55 bila kuiongezea maji: unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 15. Hewa kavu namna hiyo inaanza kuunyonya mti. Inanyonya haraka zaidi kwenye ncha zilizokatwa, pale mishipa ya mti ilipoachwa wazi, kuliko ubavuni. Ncha zinasinyaa, katikati bado hakujasinyaa, mvutano unazaliwa, na mti unaachia pale ulipo mwembamba. Kwenye bao, mahali pembamba ni chini ya mashimo na zile kuta za kutenganisha shimo na shimo. Ndiyo maana nyufa nyingi huanzia mwisho wa ubao na kuelekea kichwa na kimbi, yale mashimo mawili ya mwisho.

Basi ukilishika bao dukani, usiliangalie usoni. Ligeuze, litazame kwenye ncha. Omba mwanga, au toka nalo nje. Hapo utaona miduara ya ukuaji wa mti, na miduara hiyo inakueleza ubao ulikatwa wapi kwenye gogo. Ukiona kitovu cha miduara, yaani moyo wa gogo, kimo ndani ya ubao, lirudishe bao hilo mezani hata likiwa limechongwa kwa ustadi wa kukutoa machozi. Mti husinyaa kuizunguka miduara yake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka moyoni kwenda ganda. Ubao wenye moyo hauna namna ya kukubaliana na tofauti hiyo ila kupasuka. Ukiona miduara imelala kama upinde mpana, ubao unaweza kupinda ukawa kama mtumbwi, ingawa pengine usipasuke. Ubao unaotakiwa ni ule ambao mistari yake imesimama wima au karibu na wima kutoka chini kwenda juu. Huo ulikatwa kuelekea moyoni bila kuubeba moyo wenyewe. Ni adimu, kwa sababu gogo moja hutoa mbao chache za namna hiyo, na fundi anayezitenga kwa ajili ya mabao anastahili bei anayoitaja.

Angalia pia kama ncha zina michirizi midogo kama nywele. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, ufa umeshaanza.

Jambo la pili ni ukavu wa mti, na hapa ndipo mabao mengi yanapofeli. Mti mbichi ni laini. Tezo na patasi vinaingia bila kubisha, na mchongaji mwenye oda ya haraka anashawishika kuuchonga hivyo hivyo. Kanuni ya mafundi wa zamani ni kwamba ubao ukaushwe kivulini kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene wake. Fundi makini hufanya hivi: anachonga bao kwa ukubwa wa kukadiria, mashimo hayajafika kina, anapaka nta au rangi kwenye ncha ili zisikauke kwa kasi, analiacha kivulini miezi kadhaa, ndipo analimalizia. Muulize hayo. Anayeyafanya atakuonyesha mabao mengine yaliyopangwa ukutani yakisubiri, kila moja na fito katikati ili hewa ipite. Asiyeyafanya atakwambia mti wake haupasuki.

Usitegemee maneno. Gusisha bao shavuni: mti wenye maji mengi utauhisi baridi kuliko kitu kingine pale dukani. Nusa ndani ya mashimo. Mti mbichi una harufu ya uchachu ambayo vanishi haiimalizi. Kama muuzaji anakubali uache malipo ya awali, lipime bao kwenye mizani ya duka la jirani, andika uzito, lirudie baada ya wiki mbili. Bao lililokauka litabaki pale pale au litatofautiana kwa kiasi kidogo sana. Lililopungua bado linakauka, na halijaamua lipasukie wapi. Sijaona kipimo kingine cha bei rahisi kinachosema ukweli kuliko hiki.

Kuhusu aina ya mti, chaguo langu ni mninga, hasa ule unaoletwa kutoka misitu ya miombo ya Tabora. Ni mti unaosinyaa kidogo na kutulia, haupindi ovyo, na uzito wake unatosha bao kukaa chini bila kuteleza wakati wa mchezo. Mkongo ni mzito zaidi na mgumu kuuchonga, nao hutulia vilevile. Mvule unafaa sana ukiupata. Mpingo ndio unaotafutwa kwa fahari, na hapo nina shaka: ni mzito kiasi cha kuzama majini, hukauka polepole mno, na ubao mpana wa mpingo usio na ufa ni kitu cha nadra. Mengi yanayouzwa kama mabao ya mpingo ni miti myepesi iliyosuguliwa rangi ya viatu. Kilowanishe kidogo kitambaa cheupe, sugua chini ya bao mahali pasipoonekana. Kikitoka na weusi, umeshajua. Bao hilo likiachwa garini litakuachia alama nyeusi kwenye kiti kabla hata halijapasuka.

Sasa lipige kwa kifundo cha kidole, shimo moja baada ya jingine, huku umelishika kwa vidole viwili pembeni. Bao zima hutoa sauti moja inayolia wazi. Penye ufa uliozibwa kwa unga wa mbao na gundi sauti inakufa au inakwaruza. Uzibaji huo ni ujanja wa kawaida, na gundi nyeupe ya mbao hulegea kwenye joto la gari, kwa hiyo kiraka kinatoka chenyewe. Ukiona vanishi imepakwa juu tu na chini kumeachwa mti mtupu, jua kwamba bao litakauka upande mmoja na kupinda. Liweke sakafuni palipo sawa, bonyeza pembe moja moja. Likicheza leo, kesho litacheza zaidi.

Uzuri wa kuchezea ni habari nyingine, nami sitaki kuusahau kwa sababu ya nyufa. Mashimo yawe ya mviringo hadi chini, yasiwe na pembe inayoficha kete. Vidole vikipita vichote kete zote kwa mkupuo. Nyumba, lile shimo la mraba, iwe na kina cha kubeba kete nyingi bila kumwagika kwenye majirani zake. Kina kiwe sawa katika safu zote. Wachongaji wengi huchoka wakifika safu ya nne.

Kete za asili, mbegu za mkomwe, haziogopi gari. Ganda lake la kijivu ni gumu mno, unachohitaji ni zote 64 zilingane ukubwa. Vizibo vya soda tunavyochezea drafti navyo ni salama. Taabu iko kwenye plastiki. Kete na sanamu ndogo za michezo ya mezani zilizochapwa kwa printa za 3D mara nyingi huwa za plastiki iitwayo PLA, inayolainika kwenye nyuzi 60 hivi. Utaitambua kwa mistari myembamba iliyopandana kama matabaka. Sanamu laini zinazopinda kwa kidole ni za PVC, nazo hulegea mikuki na miguu. Zile ngumu zinazolia zikigongwa, za polistairini, huvumilia joto zaidi. Sanamu ya PVC iliyopinda hunyooka ukiitumbukiza kwenye maji ya moto yasiyochemka, ukainyoosha taratibu, kisha ukaitia kwenye maji baridi.

Ukilazimika kusafiri, bao liwe kwenye sakafu ya buti, mbali na kioo, limeviringishwa blanketi kisha likafungwa kwenye mfuko wa nailoni usio na hewa nyingi ili unyevu wake usipotee. Njia hiyo ni ya saa chache tu na ya bao kavu. Bichi litaota ukungu. Kete za plastiki ziweke kwenye boksi la povu kama yale yanayosafirishia minofu ya sangara, maana linachelewesha joto vizuri kuliko kitambaa chochote. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea zile saa za kusubiri kivuko juani, lakini wa Kamanga, na wa Ukerewe wanaovukia Kisorya, bado wanasubiri. Ukiwa kwenye foleni, shuka na bao lako. Utapata mpinzani chini ya mti.

Na ufa ukishatokea, usikimbilie gundi siku hiyo hiyo. Liweke bao ndani ya nyumba, kivulini, mbali na feni, wiki mbili au tatu. Mti utarudisha unyevu wake na nyufa nyingi ndogo zitajifunga kiasi. Ukiujaza ufa gundi ungali wazi, bao likivimba halina pa kwenda, litapasuka pembeni. Ufa uliobaki baada ya hapo mpelekee fundi aukatie kipande cha mti ule ule chenye umbo la kipepeo, akizamishe upande wa chini kukatiza ufa, na akipange nyuzi zake zikate zile za ubao.