Kuku wa Mekatilili: Mfano na Kiapo katika Balagha ya Wagiriama

Uhakiki wa fasihi simulizi umezoea kuichukua mizani ya Wayunani na kuipimia hotuba ya Kiafrika, bila ya mizani yenyewe kupimwa. Katika kitabu chake cha balagha, cha karne ya 4 K.K., Aristotle alieleza kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: kwa hulka yake inavyojitokeza katika maneno yake, kwa hisia anazoziamsha kwa wasikilizaji, na kwa hoja. Tukio la mwaka 1913 katika nchi ya Wagiriama linaonyesha ni wapi mizani hii inafaa na ni wapi inapungukiwa.

Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwataka vijana wa Kigiriama waende kufanya kazi za mashamba. Masimulizi ya pwani ya Malindi na Kilifi yasema kwamba Mekatilili wa Menza alimleta kuku mwenye vifaranga barazani, akamtaka afisa wa Kiingereza, Arthur Champion, atwae kifaranga kimoja. Champion aliponyosha mkono, kuku alimdonoa. Hivyo ndivyo itakavyokuwa, akasema Mekatilili, wakithubutu kuwatwaa wana wa Wagiriama. (Masimulizi haya yanachukuliwa hapa kuwa matini ya fasihi, kupatanisha simulizi zake mbalimbali ni kazi ya wanahistoria.)

Aristotle angeliuita huo mfano. Kwake mifano ni ya namna mbili: matukio yaliyokwisha kutokea, na yale ya kubuniwa, zikiwamo ngano, ambazo aliziona zinafaa sana mbele ya umma. Anamtaja mshairi Stesichorus, aliyewaonya watu wa Himera wasimpe Phalaris walinzi. Stesichorus aliwasimulia habari za farasi aliyetaka kumlipiza kisasi kulungu, akakubali kutiwa lijamu na binadamu ili asaidiwe, akaishia kuwa mtumwa. Ulinganifu na Mekatilili ni wa wazi, lakini tofauti ndiyo yenye uzito. Ngano ya Himera yasimulia mambo yasiyokuwapo, na ilibidi msemaji aeleze ni nani farasi na ni nani binadamu. Kuku wa Mekatilili hasimuliwi, yupo. Mpinzani ndiye anayeigiza upande wake, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya hadhira ile ile inayotarajiwa kumwogopa. Hapo hoja na hisia hazitenganishiki: donoo moja limezibeba zote mbili. Uteuzi wa kuku nao si wa bure. Ni mnyonge wa uani, anayefukuzwa hata na mtoto, na ukali wake haujulikani mpaka vifaranga viguswe. Tena ni mfano wa mama uliotolewa na mwanamke, ilhali katika mabaraza ya Athens mwanamke hakuwa na nafasi ya kusema kabisa.

Mizani inapungukiwa zaidi kwenye kiapo. Aristotle anakiweka pamoja na sheria, mashahidi, mikataba na maungamo ya mateso, yaani vithibitisho visivyo sehemu ya sanaa ya msemaji. Msemaji huvikuta tayari, akavitumia tu. Kwa Wagiriama haikuwa hivyo. Mwaka uo huo wa 1913 watu walikusanyika Kaya Fungo wakala viapo, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, kwamba hawatashirikiana na serikali. Kiapo ndicho kilichoyafanya maneno yaendelee kutenda kazi baada ya baraza kuvunjika. Anayemsoma kuku peke yake amesoma ubeti mmoja wa utenzi.

Serikali yenyewe ililitambua jambo hilo kuliko wahakiki wengi. Oktoba 1913 ilimkamata Mekatilili pamoja na Wanje wa Mwadorikola, ikawapeleka Kisii. Mapema mwaka 1914 wakatoroka, wakarudi kwao. Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti.