Mgeni Asiyechinjiwa Kuku

Kwetu Singida mgeni hapokelewi kwa maneno matupu. Kabla hajamaliza kueleza safari ilivyokuwa, nyuma ya nyumba kuna mtoto anakimbizana na jogoo, na jikoni maji ya ugali yanaanza kuchemka. Kuku wa Singida wanajulikana mpaka Dar es Salaam, na nyumba yenye kuku ikimpa mgeni mchicha mtupu, habari zitawafikia majirani kabla jua halijazama. Ndiyo maana ilinichukua miaka mingi kujifunza ufundi ninaotaka kuusifu hapa: kumpokea mgeni na kumnyima chakula.

Mgeni mwenyewe ni samaki.

Samaki wangu wa kwanza wa mapambo niliwaua kwa ukarimu. Niliwatia kwenye tangi jipya asubuhi, mchana nikawamwagia chakula. Walipokisusa nikadhani hakikuwapendeza, nikawaletea maini ya kuku yaliyokatwakatwa. Siku ya nne maji yalikuwa kama supu iliyolala, na wageni wangu wanaelea juu yake.

Miaka ilipita ndipo kijana mmoja anayefanya kazi Kigoma akaninunulia duboisi sita. Jina lao la kitaalamu ni Tropheus duboisi, walilopewa na Georges Marlier mwaka 1959. Duboisi mchanga ni mweusi tii mwenye madoa meupe mwili mzima, kama anga la Manyoni usiku wa kiangazi. Akikua madoa hufutika, kichwa hugeuka buluu, na mkanda mweupe au wa njano humzunguka kiunoni. Asili yake ni Ziwa Tanganyika peke yake, na hata humo si mtembezi. Huzaliwa, hula na hufa kwenye miamba ya ukingoni. Akikutana na eneo pana la mchanga, havuki. Ndiyo maana ndugu zake wa jamii ya Tropheus wana rangi tofauti kutoka mwambao mmoja hadi mwingine, kama koo zisizooana. Ulaya wapo wafugaji wanaoweza kukutajia samaki wao katoka ufuko gani. Sisi tulio kwenye njia ya reli inayotoka Kigoma, wengi wetu hatujawahi kumwona.

Sasa mfikirie kiumbe huyo, asiyethubutu kuvuka mchanga, akivushwa Tabora, Itigi mpaka Manyoni ndani ya mfuko wa maji, kisha akipandishwa basi la Singida mjini. Kufika tu ni kazi kubwa. Asiongezewe nyingine.

Mapokezi yalianza mwezi mmoja kabla. Choo cha samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kwenye sponji ya chujio huota bakteria wanaoigeuza kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo ina nafuu. Bakteria hao hawanunuliki kwa haraka. Wanahitaji wiki kadhaa kuzaliana. Tangi linalong'aa kwa upya, linalomvutia kila anayeingia sebuleni, kwa samaki ni nyumba isiyo na choo.

Siku yenyewe nilizima taa, nikafunika vioo vitatu kwa kanga, nikaacha mfuko uelee ndani ya tangi robo saa ili joto lilingane. Baada ya hapo nikawahamishia kwenye ndoo na kuwadondoshea maji ya tangi kwa mpira wa dripu, tone baada ya tone. Hapa ndipo fundi anapopimwa, maana pole pole yenyewe ina mpaka. Njiani samaki wamekuwa wakipumua, hewa ukaa imejaa kwenye maji na kuyatia uchachu, na uchachu huo umeipunguza makali amonia. Ukifungua mfuko, hewa ukaa inatoka, uchachu unapungua, na amonia iliyokuwa imelala inaamka. Mwenye pupa huwaua kwa mshtuko, mwenye kusitasita huwaua kwa sumu. Katikati yao pana kama saa moja hivi, na fundi hukaa humo.

Maji nayo yana hadithi yake. Kisima changu, kama vingi vya Singida, kina maji magumu: sabuni haitoi povu, birika limeota gamba jeupe. Nimeyalalamikia miaka yote. Kumbe Ziwa Tanganyika nalo lina maji magumu, yenye pH karibu 9. Nilipopima yangu nikacheka peke yangu. Kilichotushinda kufulia ndicho kilichowafaa wageni. Baridi ndiyo iliyobaki kuwa adui: juu huku kwenye uwanda, Juni na Julai upepo wa usiku hukata mifupa, na wao wamezoea joto la nyuzi 25 au zaidi. Kwa hiyo nikaweka hita, na kila umeme ulipokatika nikalifunga tangi blanketi.

Halafu ikaja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kutofanya kitu. Siku ya kwanza hawakula. Siku ya pili hawakula. Jirani yangu alipita, akachungulia, akashika kiuno.

"Mwalimu, hawa watoto unawanyima?"

"Nawasubiri, mama."

"Unawasubiri wafe?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ningemwambia kwamba duboisi ana utumbo mrefu uliojikunja kwa ajili ya mwani, na kwamba nyama inayomnenepesha samaki mwingine humvimbisha huyu tumbo mpaka afe. Ningemwambia kwamba kwenye maji ya aina hii amonia huwa kali zaidi, hivyo kila punje inayooza chini inaongeza deni. Lakini mama yule alikuwa ametoka kuchinjia wageni wake asubuhi ile, na maneno yangu yangesikika kama visingizio vya bahili.

Chakula kilikuwepo, ila nilikuwa nimekiandaa nje. Singida ni mji wa mawe. Wiki mbili kabla niliokota mawe ya ukubwa wa ngumi, nikayasugua, nikayalaza kwenye beseni la maji juani. Jua letu halina masihara: yakaota utando wa kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Siku ya tatu nikayaingiza tangini bila kishindo, nikaondoka. Niliporudi, watano walikuwa wanayatafuna. Baadaye niliwazoesha punje za spirulina kidogo kidogo, na hapo pia nikajikuta nyumbani, kwa kuwa viumbe vya kijani vya jamii hiyo ndivyo flamingo wanavyochuja kwenye maziwa ya magadi ya huku kwetu.

Wa sita alikaa nyuma ya bomba la hita. Nilimtazama kila jioni kama muuguzi wa zamu: tumbo halijavimba, kinyesi si cheupe wala si cha kamba, pumzi haziendi mbio. Maadamu dalili hizo hazipo, hana ugonjwa. Ana ugeni tu, na ugeni hauna dawa ya kumeza. Siku ya sita mkono uliniwasha kutaka kumsogezea chakula mdomoni. Nikaenda kumwagilia vitunguu. Siku ya tisa nilihamisha jiwe moja hatua moja karibu na maficho yake, nikajiona nimesema mengi.

Wahenga walituachia kauli: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilikuwa nikiifikiria jioni ya siku ya kumi na moja, chai mkononi, madoa yale meupe yalipojitokeza nyuma ya bomba. Akasogea. Akarudi. Akasogea tena, akainamisha kichwa, akaliuma jiwe la Singida na kuvuta. Duboisi halishwi kwa sahani. Hula kwa kukwangua, kukata na kung'oa, kutwa nzima, kama mtu anayepalilia shamba. Kwake chakula na jembe ni kitu kimoja, wala hakusubiri kupewa. Alianza kulima pale mwenyewe alipoona pamekuwa kwake.

Mama wa jirani alipopita kesho yake aliuliza wanakula nini. Nikamwambia, mawe. Akanitazama kwa muda, kisha akaniletea yai.