Sinema ya Serengeti

Sinema ya Serengeti waliyoitengeneza Bwana Bernhard Grzimek, Mjerumani, na mwanawe Michael, yastahili sifa. Waliruka kwa eropleni iliyopakwa milia kama ya punda milia, wakihesabu wanyama. Michael alikufa tarehe 10 Januari 1959, eropleni ilipogongana na tumbusi. Sinema ikatoka mwaka uo huo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Nyumbu wafurika humo kama mto Mara wakati wa masika. Lakini mwenye mitego aonekana kama adui tu. Waikoma waliwinda nyika zile kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1951, wala hatumsikii mzee wao hata mmoja akieleza habari zake. Kasoro hiyo naiona kubwa, maana huko ng'ambo wengi walianza kutujua kwa sinema hiyo.