Kuwahadaa ndege kwa makinda ya jirani

Kila mwaka, kuanzia Oktoba hadi Machi, mbayuwayu kutoka Ulaya huonekana juu ya mto Lualaba, hapa Kindu nchini Kongo, wakikamata wadudu. Kisha huondoka kwenda kuzaa. Ndege msafiri hujuaje kama arudi pale pale alipozaa mwaka uliopita, au ahamie kwingine?

Jibu zuri lilipatikana kwa msafiri mwingine, Ficedula albicollis, ndege mdogo ambaye dume lake ni jeusi na jeupe, lenye ukosi mweupe. Huzaa Ulaya, pamoja na kisiwa cha Gotland nchini Sweden, na kipindi cha baridi ya kwao hukipitisha kusini mwa Kongo, Zambia na Malawi.

Ilidhaniwa kwamba kabla ya kuondoka huchungulia viota vya wenzake. Ugumu ulikuwa kuthibitisha. Msitu wenye wadudu tele huwa na makinda wengi pia. Ndege akirudi humo, amefuata chakula au habari za majirani?

Blandine Doligez, Étienne Danchin na Jean Clobert walivitenganisha viwili hivyo, wakachapisha matokeo mwaka 2002 katika jarida la Science. Walihamisha makinda wachanga kutoka viota vya eneo moja kwenda vya eneo jingine. Palipopunguzwa, wachache waliobaki walishiba. Palipoongezwa, wengi waligombea chakula wakakonda. Maeneo mengine idadi haikubadilishwa, yawe ya kulinganishia. Msitu na wadudu havikuguswa: kilichobadilika ni habari tu. Mwaka uliofuata wakasoma pete miguuni mwa ndege waliorudi.

Ndege wenyeji walihama zaidi palipokuwa na makinda wachache, na hata palipokuwa na makinda dhaifu. Ndege wageni, waliotoka maeneo mengine, walivutwa na wingi tu. Afya ya makinda haikuwashughulisha. Inaelekea mpita njia haoni yanayoonwa na aliyekaa msimu mzima. Utafiti wa 2003 juu ya ndege hao hao ulieleza anachokiona: jinsi wazazi wanavyopishana kiotani kulisha.

Basi uamuzi huanza kabla ya safari ya kuja Afrika. Hata hivyo, kuamua si kufika. Mwaka 1998, Peter Marra na wenzake walionyesha kwamba ndege wengine wahamao, waliokaa misitu bora ya nchi za joto wakati wa baridi, waliwahi kufika Amerika Kaskazini, tena wakiwa na afya. Ulaya ikihesabu ndege wake wasiorudi, isikague misitu yake peke yake. Ije iitazame na hii ya kwetu.