Kuongeza kwa Kutoa

Katika maikrokontrola za familia ya AVR hakuna amri ya kuongeza 5 kwenye rejista ya biti nane. Ipo ya kuongeza moja, ipo ya kujumlisha rejista mbili, lakini 5, au 20, au 100, huna amri ya kuiongeza moja kwa moja. Iliyopo ni ya kutoa, inaitwa SUBI. Nilipokutana na pengo hilo mara ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa, nikarudi nyuma kutafuta. Haikuwepo.

Tazama saa ya ukutani. Mshale ulio kwenye 3 ukiurudisha nyuma hatua saba unafika kwenye 8. Ukiupeleka mbele hatua tano unafika kwenye 8 hiyohiyo. Rejista ya biti nane nayo ni duara, ila lina hatua 256, kwa hiyo ukitoa 251 umeongeza 5. Kutoa kunatosha.

Lakini kwa nini mtu ajinyime kitu kidogo hivyo? Amri nyingi za AVR zina biti 16 tu. Amri inayobeba namba ndani yake hutumia biti nane kwa ajili ya namba na nne kutaja rejista, zinabaki nne za kusema amri yenyewe ni ipi. Biti nne ni vyumba 16. Kila amri ya aina hii inachukua chumba kizima katika nyumba ya vyumba 16, na wapangaji wanaotaka kuingia ni wengi: chipu moja ya familia hii, ATmega328P, peke yake ina amri 131. Kumpa chumba mpangaji ambaye kazi yake tayari inafanywa na jirani ni kupoteza nafasi. Kila nikiandika SUBI nakumbuka kwamba kuna watu waliokaa wakahesabu vyumba hivyo kimoja kimoja.

Wazo lilianza na wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi cha NTH mjini Trondheim, Norwei: Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan. Kampuni ya Marekani ya Atmel ndiyo iliyoligeuza kuwa bidhaa katika miaka ya 1990, na tangu 2016 familia hii iko chini ya Microchip. Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba kabla muundo haujafungwa, wabunifu walikaa na waandishi wa kompaila ya lugha ya C wa kampuni ya IAR Systems ya Uswidi, wakarekebisha amri kufuatana na yale ambayo kompaila ilihitaji. Fundi cherehani anayejua kazi humpima mteja kwanza, kisha ndipo anashika mkasi. Chipu nyingi za wakati ule zilikatwa kwanza, halafu waandishi wa programu wakaambiwa wajibane humo.

Matunda ya kipimo hicho yanaonekana. Kuna rejista 32, zote zimeunganishwa na kitengo cha hesabu. Sita za mwisho zikishikana mbilimbili zinakuwa vielekezi vitatu, X, Y na Z. Amri nyingi zinakamilika kwa pigo moja la saa. Programu hukaa kwenye kumbukumbu ya flashi iliyo ndani ya chipu yenyewe, unaifuta kwa umeme na kuiandika upya papo hapo mezani, na AVR ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufanya hivyo. Kabla ya hapo fundi alikuwa akiweka chipu yenye kidirisha cha kioo chini ya taa ya urujuanimno, akasubiri ifutike.

Sasa usingizi, sehemu ninayoipenda kuliko zote. ATmega328P, ile iliyowekwa kwenye bodi ya Arduino Uno mwaka 2010, ina namna sita za kulala. Mojawapo imetengenezwa kwa ajili ya kupima tu. Ndani ya chipu kuna kigeuzi kinachosoma volti na kuigawa katika hatua 1024. Tatizo ni kwamba prosesa inapofanya kazi jirani yake, transista zake zinatikisa umeme, na hatua za mwisho za kipimo zinayumba. Basi wabunifu wakaiambia prosesa ilale kigeuzi kinaposoma, na kipimo kikikamilika kigeuzi chenyewe kinaiamsha. Yaani kifaa kinajinyamazisha ili kisikie vizuri. Ni nani aliyelifikiria hilo akiwa bado anachora transista? Huyo kwangu ni fundi kamili.

Usingizi mzito zaidi unazima karibu kila kitu. Kwa volti 1.8 na joto la kawaida chipu hunywa maikroampia 0.1. Hata hivyo haijafa: mguu mmoja ukiguswa inasikia hodi. Ikiwa macho, hodi huweza kujibiwa kwa mapigo manne ya saa tu, kwa saa ya MHz 16 hiyo ni robo ya maikrosekunde.

Yupo pia mlinzi mwenye saa yake mwenyewe. Programu ikikwama bila kumpa taarifa kwa muda uliopangwa, mpaka sekunde nane, anaiwasha upya. Na yupo anayetazama volti. Sisi tunaojua umeme ukishuka friji inavyonguruma, tunaelewa kwa nini ni afadhali chipu isimame kabisa kuliko iendelee kufanya kazi nusunusu na kuandika takataka kwenye kumbukumbu.

Ina mapungufu. RAM ya kilobaiti 2 inakwisha upesi, na kwa kuwa programu na data zimetenganishwa, maneno uliyoyahifadhi kwenye flashi yanasomwa kwa amri ya pekee. Leo zipo chipu za biti 32 zenye nguvu mara nyingi zaidi kwa bei ileile au chini yake. Kwa kazi nzito nenda huko. Kwa kujifunza jinsi kompyuta inavyofikiri, AVR bado ndiyo naipendekeza, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuimaliza yote kichwani.

Kama una Uno yenye chipu ndefu ya miguu 28, ing'oe taratibu kwenye soketi yake. Iweke kwenye bodi ya majaribio pamoja na kristali ya MHz 16 na betri tatu za AA, kwa maana kwenye Uno vifaa vingine vya bodi vinakunywa umeme mwingi na kuuficha usingizi wake. Kwenye programu utakayoipakia kabla ya kuing'oa, zima kigeuzi kwanza, kisha ilaze usingizi mzito. Weka mita kwenye miliampia, uangalie namba inavyoshuka.