Kutulia, Kuzingatia na Kulenga: Uhakiki wa Tafsiri ya Neno Moja

Jina la Tulia, huko Ukambani, humfikia Mswahili kama amri. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili ya jina, wala hoja hii haikusudii kulifasiri. Linalostahili kupimwa ni kitenzi chenyewe, kwa kuwa hutumiwa mara nyingi kufasiri neno la Kiingereza focus.

Neno hilo lina historia. Katika Kilatini lilikuwa jina la meko. Mwaka 1604 Johannes Kepler alilitumia kwa nukta za jometri, katika maandishi yake ya elimu ya nuru. Kutoka hapo likaenea kwenye kamera, isimu, na hatimaye hali ya akili. Maana zote zina wazo moja: vitu vingi hukusanyika mahali pamoja.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Tulia hutokana na tua: mzigo hutuliwa, ndege hutua. Ni neno la kukoma kwa mwendo. Zingatia lina ukoo na zinga, yaani kuzunguka: akili hulizunguka jambo lisiponyoke. Lenga ni la mwenye upinde. Lina shabaha, lakini halina lazima ya kudumu.

Basi mfasiri atumiaye neno moja kila mahali hupotosha. Madhara yake huonekana darasani. Mwanafunzi aliyeamriwa atulie aweza kunyamaza kabisa na akili yake iko malishoni. Mwenzake asiyeacha kuchezesha kalamu huenda ndiye anayezingatia. Mwalimu akichanganya maana hizi mbili, atatunza ukimya na kuadhibu fikira.

Katika isimu kosa ni zito zaidi. Wataalamu wameswahilisha istilahi kuwa fokasi, na ni sawa, maana hapo si suala la bidii ya akili bali la mpangilio wa taarifa. “Juma alikuja” si sawa na “Juma ndiye aliyekuja”: ndi- humteua Juma miongoni mwa wengine. Kikamba nacho kina kiambishi nĩ- kwa kazi ya jamii hiyo. Kwa hiyo msemaji wa Ukambani huijia sarufi hii akiwa na ujuzi wake tayari.

Yafaa kamusi zitenganishe maana hizi, na mfasiri aulize kwanza: je, kinachotakiwa ni utulivu, uzingatifu, shabaha au uteuzi? Lugha yenye maneno manne haina sababu ya kujifanya maskini.