Mkono Usio na Haraka

Beki ameingia kwa miguu miwili, winga anagaragara, wenzake wanakuja mbio na mikono hewani. Kipyenga kimeshalia. Hapo acha kumwangalia aliyeumia, mtazame refa. Aliyeiva kazini hakurupukii mfuko. Anamtenga mkosaji kando na kundi, anangoja pumzi zishuke, ndipo mkono unapanda ukiwa umenyooka, kadi juu kabisa, mbali na uso wa mchezaji. Wengi huweka ya njano mfuko wa kifuani na nyekundu kwenye bukta, vidole visije vikakosea. Ule muda wa kungoja, kwangu mimi, ni mtamu kama bao.

Zamani onyo lilikuwa la mdomo. Mwaka 1966, katika Kombe la Dunia, pale Wembley, refa Rudolf Kreitlein wa Ujerumani Magharibi alimtoa Antonio Rattín, nahodha wa Argentina, na hawakuwa na lugha ya kuelewana. Rattín akagoma kutoka, mechi ikasimama kwa dakika kadhaa. Ken Aston, Mwingereza aliyewasimamia waamuzi wa mashindano yale, aliliwaza jambo hilo akiwa kwenye gari London, mpaka taa za barabarani zikamjibu: njano, punguza mwendo, nyekundu, simama. Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico likaanza na kadi. Nyekundu haikutoka hata moja. Ya kwanza ilimpata Carlos Caszely wa Chile, mwaka 1974.

Lakini ustadi ninaouhusudu zaidi ni ule wa kutoa faida. Kiungo amekwatuliwa kizembe, mpira umemfikia mwenzake, na refa anasukuma mikono mbele: chezeni! Shambulizi linakwenda hadi mwisho wake. Mpira ukitoka, anarudi taratibu kwa yule aliyedhani amesahauliwa, na kumlima ya njano. Kichwani alikuwa amebeba namba ya jezi, kosa na mahali, huku miguu ikikimbia.

Kisha kalamu. Katika Kombe la Dunia la 2006, huko Stuttgart, Graham Poll, refa mzoefu, alimwonyesha Josip Šimunić wa Croatia njano tatu, kwa sababu moja aliiandika kwa namba tatu wa Australia. Basi mtazame refa baada ya kushusha mkono: anaikagua tena namba ile mgongoni, anaandika, anakifunga kijitabu, na hapo tu ndipo anapoashiria mpira upigwe.